Mtoto wa Chekechea Afundishwe Kusema Yaliyo Moyoni, Lakini kwa Njia Yetu

Mwezi huu ukurasa wetu hautazungumzia malaria wala kuhara, ingawa maradhi hayo bado tunayo katika bonde lote la Kyela. Tunataka kuzungumzia jambo ambalo wazazi wengi hawalihesabu kuwa ni la afya: namna mtoto mdogo wa darasa la awali anavyofundishwa kuzitambua hisia zake, kuzituliza, na kukaa vizuri na wenzake. Wataalamu wa elimu huyaita mafunzo hayo stadi za hisia na mahusiano. Siku hizi yanafika shuleni kwa njia ya semina, vijitabu na picha za kubandika ukutani, na mengi kati yake yametungwa mbali na sisi. Sisi wauguzi tunayaunga mkono. Ila tuna maoni juu ya namna yanavyofundishwa, na maoni hayo tumeyapata kitandani kwa mgonjwa, si katika semina.

Yeyote anayefanya kazi katika wodi ya watoto hujifunza mapema kwamba kwa mtoto wa miaka 4 au 5 tumbo ndilo mdomo wa mwili mzima. Akiumwa sikio, atasema tumbo. Akiwa na homa, tumbo. Akiogopa, tumbo vilevile. Kwa hiyo kwanza tunampima malaria, tunapima mkojo na choo kwa ajili ya minyoo na kichocho, maana watoto wetu wa ukanda wa ziwa wanaoga na kucheza majini kila siku. Tukikosa ugonjwa, ndipo tunaanza kuuliza maswali mengine. Tumbo hili linauma siku gani? Mara nyingi mama hufikiri kidogo, kisha husema: “Jumatatu, nesi. Na Jumapili jioni.” Jumamosi je? Jumamosi haliumi.

Maumivu hayo si uongo, na tunawaomba wazazi wasimchape mtoto kwa kudhani anadanganya. Mtu akiogopa, mwili wake humwaga homoni zinazouandaa kukimbia au kupigana. Moyo hudunda, viganja hutoka jasho, na utumbo hubana au huenda mbio. Mkubwa akipatwa na hali hiyo husema, “Nina wasiwasi.” Mtoto hana neno hilo. Anacho kidole cha kuonyesha tumbo. Ukimbembeleza taratibu, pengine kwa siku 2 au 3, utagundua kwamba kuna mtoto mkubwa anayemnyang’anya andazi njiani, au mwalimu aliyemzoea amehamishwa, au mama amekwenda Mbeya kutafuta kazi na hakuna aliyemweleza atarudi lini. Hapo dawa haimo kabatini kwetu.

Hao angalau wanalia tumbo. Wanaotutia hofu zaidi ni wale wanaonyamaza. Tunawapokea watoto walioanguka kutoka juu ya mwembe wakavunjika mkono, wakauficha chini ya kanga ya bibi kwa siku 3, kwa sababu walikatazwa kupanda. Tunawapokea walioungua kwa maji ya moto, wakakimbilia kwenye migomba kujificha badala ya kukimbilia kwa mtu. Tunatoa punje za mahindi masikioni mwa watoto, zilizokaa humo mpaka zikaanza kuoza. Ukimuuliza bibi, “Bibi, mtoto alikwambia lini?” jibu ni lilelile: “Hakusema, nesi. Tuliona usaha tu.”

Yapo pia mabaya kuliko hayo. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto Tanzania, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema kwamba kabla ya kutimiza miaka 18 walifanyiwa angalau tendo moja la ukatili wa kijinsia. Kati ya hao, ni kama nusu tu ya wasichana, na theluthi moja tu ya wavulana, waliowahi kumwambia mtu yeyote. Waliobaki waliumeza. Tunawaomba wasomaji waisome tena namba hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayotufanya tuandike makala haya. Mtoto ambaye hakufundishwa tangu chekechea kwamba maumivu yake yana jina, na kwamba yupo mkubwa wa kuambiwa, atalipata wapi neno siku atakapolihitaji?

Basi tuyatazame hayo mafunzo yenyewe. Kwa jina hili na mpangilio huu yalitokea Marekani, ambako mwaka 1994 wataalamu waliunda chombo kiitwacho CASEL cha kuyaeneza shuleni. Wao huyagawa katika nguzo 5: mtoto ajitambue, ajitawale, awatambue wengine, ajue kuhusiana nao, na afanye uamuzi kwa busara. Hakuna nguzo hata moja hapo ambayo bibi wa Kyela angeikataa. Hata serikali yetu imo humo siku nyingi. Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulitaja umahiri 6 ambao mtoto anatakiwa kuujenga, na katika orodha hiyo wa kwanza ni kuhusiana, kabla hata ya kuwasiliana, afya na hesabu. Mwaka 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, nayo inataka mtoto apate afya, lishe, ulinzi, malezi yenye mwitikio na nafasi ya kujifunza, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo kwenye karatasi jambo hili ni letu. Kasoro inaanza pale linapotoka kwenye karatasi na kuingia darasani, maana darasani mwalimu hushika kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni kijitabu cha watu wengine.

Tutoe mfano wa mbali. Nchi ya China nayo iliyapokea mafunzo haya kutoka Magharibi. Mwaka 2011 Wizara ya Elimu ya nchi hiyo, ikishirikiana na UNICEF, ilianza mradi wa stadi hizi katika shule za msingi. Wachina hawakubandika zile nguzo 5 kama zilivyo. Walizipanga upya: mtoto ajitambue na kujiongoza mwenyewe, awatambue wengine na kujua kukaa nao, kisha wakaongeza jambo la tatu, kwamba alitambue kundi lake na wajibu wake ndani ya kundi hilo. Kwa watoto wa chekechea, mwongozo wao wa mwaka 2012 kwa ajili ya miaka 3 hadi 6 ulitenga sehemu nzima ya maisha ya jamii, yenye mambo mawili: kuhusiana na watu, na kuzoea kuishi katika jamii.

Walikuwa na sababu yao. Tangu karibu mwaka 1980 hadi mwisho wa mwaka 2015, sheria za huko ziliziruhusu familia nyingi, hasa za mijini, kuzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo alikulia katikati ya baba, mama, babu 2 na bibi 2, wote wakimtazama yeye, bila kaka wala dada wa kugombania naye kijiko. Chekechea ndiko alikokutana mara ya kwanza na mtoto mwenzake anayeutaka mpira uleule. Kwa hiyo mwalimu wa China alikuwa na kazi ya kumfundisha kugawana, kusubiri zamu, na kujua kwamba yeye ni mmoja kati ya wengi.

Sasa mtazame mtoto wa Ngonga, Ikolo au Mwaya. Huyu amelala kitanda kimoja na ndugu 3. Amekula sahani moja na watoto wa baba mdogo, na anajua kwamba nyama haiguswi mpaka wakubwa wagawe. Akiwa na miaka 6 amekwisha kumbeba mdogo wake mgongoni. Kusubiri zamu anakujua, kwa sababu kisima na bomba la kijiji vilimfundisha. Je, tumfundishe tena kwa mwezi mzima kwamba kugawana ni vizuri, kwa kuwa kijitabu kimeanza na somo hilo? Hapo tunampa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Upungufu wa mtoto wetu uko kwingine. Anajua kukaa na wenzake. Hajui kusema na mkubwa. Tena hajui kwa sababu tulimfundisha asijue.

Hili ndilo neno letu kubwa. Kila nchi itazame kwanza mtoto wake amepungukiwa nini, ndipo ichague somo. China ilitazama.

Na tusidhani kwamba sisi tunaanza mikono mitupu. Mtaalamu mmoja wa Afrika Kusini, Monica Wilson, aliishi Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kiitwacho Good Company juu ya vijiji vya marika vya Wanyakyusa. Wazee wetu wengine bado wanavisimulia vijiji hivyo. Wavulana wadogo walichunga ng’ombe pamoja. Wakifika miaka kama 10 au 11 walikwenda kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakalala huko, na kula wakizunguka pamoja kwa mama huyu leo, kwa mama yule kesho. Walijifunza kusuluhishana wenyewe. Msingi wa yote ulikuwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa raha, kuzungumza, kula na kutaniana, na katika mazungumzo hayo mtu akapata hekima na adabu. Aliyejitenga alionekana ana kasoro. Hatusemi turudi huko, na wala hatusemi kila kitu kilikuwa chema. Mpango ule ulikuwa wa wavulana, na dada zao waliolewa wakiwa wadogo mno. Tunachosema ni kwamba mwalimu anayemwambia mzazi wa Kyela, “Tunamfundisha mtoto stadi za hisia na mahusiano,” ataitikiwa kwa adabu tu. Akisema, “Tunataka mtoto ajue kwangala,” hapo atasikilizwa.

Tuyataje basi machache ambayo tungeyabadilisha, kama tungeulizwa.

Jambo la kwanza ni macho. Vijitabu vingi vinamwagiza mtoto amtazame msemaji machoni ili aonyeshe kwamba anasikiliza. Mtoto wetu amefundishwa nyumbani kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwake huko ndiko kusikiliza. Mwalimu akimwambia “Nitazame!” anamweka mtoto katikati ya mama na shule, na mtoto wa miaka 5 hawezi kukaa hapo bila kuumia. Mwache atazame chini, kisha mwulize amesikia nini. Atakwambia yote.

Kuna pia zoezi la mtoto kusimama mbele ya wenzake na kutaja uzuri wake mwenyewe. Kwetu huyo ataonekana ana majivuno, na jioni atachekwa njiani. Zoezi hilohilo ligeuzwe: kila mtoto amtaje mwenzake na jambo jema alilomwona akifanya. Juma alinisaidia kuvuka mtaro. Neema alinigawia embe. Anayetajwa hufurahi maradufu, na anayetaja anajifunza kumtazama mwenzake.

Picha za nyuso za duara za rangi ya njano, moja inacheka na nyingine inalia, hatuzikatai moja kwa moja. Lakini mtoto wa Matema ana udongo bora kuliko picha. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanaufinyanga udongo huo vyungu vinavyouzwa mnadani Lyulilo, na watoto wao hukua wakichezea mabaki yake. Mpe mtoto tonge la udongo, mwambie atengeneze mtu mwenye hasira. Utaona hasira zenye mdomo wazi, na nyingine zimefunga mdomo kabisa. Mdoli wa majani makavu ya mgomba naye hufaa sana. Mtoto asiyeweza kusema “naogopa” anaweza kusema “mdoli huyu anaogopa, kwa sababu baba yake akilewa anapiga mlango.” Mwalimu mwenye masikio amekwisha kuelewa.

Halafu lipo zoezi la kupumua. Hili sisi tunalipenda, kwa kuwa tunalitumia wodini na linafanya kazi kweli: pumzi ndefu na ya polepole huutuliza moyo unaodunda. Vijitabu husema mtoto ajifanye ananusa ua, kisha anazima mishumaa ya keki. Keki yenye mishumaa ni wangapi wamewahi kuiona? Mwambie avute harufu ya wali wa Kyela unaoiva, kisha apulize uji wa moto taratibu usimwagike. Hakuna mtoto wa huku asiyeujua uji wa moto.

Lugha ndiyo nzito kuliko yote hayo. Mtoto wetu wa miaka 4 au 5 huingia darasani na Kinyakyusa, Kindali au Kikisi, na anakutana na Kiswahili. Wengine wenye bahati mbaya zaidi wanakutana na Kiingereza cha shule ya kulipia. Kusoma na kuhesabu atazoea. Lakini uchungu mtu huusema kwa lugha aliyobebwa nayo mgongoni. Tunamwomba mwalimu, hata kama kanuni ya darasa ni Kiswahili, amruhusu mtoto anayelia aseme kwa lugha ya mama yake. Asubuhi amsalimie mmojammoja “Ughonile?” na asubiri jibu, maana salamu yetu huuliza umelalaje, na mtoto asiyelala vizuri atajulikana hapohapo. Kiswahili chenyewe, tukikifundisha, tusiishie kwenye furaha na huzuni. Kina wivu, kinyongo, upweke, hamu, aibu, woga, donge. Mtoto anayejua tofauti ya hasira na aibu ametajirika, na pengine atawapiga wenzake mara chache zaidi.

Mpaka hapa tumeitetea mila. Sasa tuseme pale ambapo mila inatakiwa kusogea.

Katika familia zetu mtoto mwema ni mtoto aliyenyamaza. Mgeni husifu: “Huyu mtoto ana adabu, hata hujui kama yupo.” Mvulana akilia huambiwa yeye ni mwanaume. Msichana akikataa kumpa mkono mjomba huambiwa ana kiburi. Sisi tuliokwisha kufikia umri wa kuitwa bibi tumelelewa hivyo, na tunaijua ladha yake. Heshima ni mali yetu, wala hatutaki kuiuza. Mtoto aendelee kusalimia, apokee kwa mikono miwili, asiingilie wakubwa wanapozungumza. Lakini kunyamaza mbele ya mkubwa anayezungumza ni jambo moja, na kunyamaza unapoumia ni jambo jingine. Tumeyafunga katika furushi moja tukayaita yote adabu, na kwa kufanya hivyo tumempa mwovu ufunguo wa nyumba. Mtu anayemharibu mtoto huanza kwa kumwambia, “Usimwambie mtu.” Kwa mtoto aliyefundishwa kunyamaza, hana haja ya kusema mara mbili.

Hapa ndipo mafunzo haya ya kigeni yanatuletea kitu ambacho kweli hatuna, nasi tukipokee bila haya. Kila mtoto wa darasa la awali awe na watu 3 anaoweza kuwataja kwa vidole: mmoja wa nyumbani, mmoja wa shuleni, mmoja wa mahali pengine, kama vile mama mkubwa, jirani, nesi wa zahanati au sista wa parokia. Afundishwe kwamba akiumizwa, au mtu akimshika sehemu za mwili zinazofunikwa na nguo ya ndani, atamwambia wa kwanza. Asiposikilizwa atakwenda kwa wa pili. Asiposikilizwa, wa tatu. Tunasema 3 kwa makusudi, kwa kuwa aliye karibu zaidi huenda ndiye mwenye makosa. Tena sehemu hizo apewe majina yake ya heshima. Mtoto asiye na jina isipokuwa tusi, ataogopa kulitamka tusi mbele ya mwalimu, na habari itakufa hapo.

Wapo wazazi watakaosema: mkiwafundisha hivyo watakuwa wasemaji, watatujibu. Tunaielewa hofu hiyo, na jibu letu ni la sindano. Kuna njia 2 za kumchoma mtoto. Ya kwanza ni kumwambia, “Haiumi, usilie.” Anachomwa, inauma, na siku ya pili mnahitaji wakubwa 4 wa kumshika, kwa sababu amejua kwamba ninyi ni waongo. Ya pili ni kumwambia, “Itauma kidogo, kama kuumwa na siafu. Shika mkono wa bibi, ukitaka kulia lia.” Atalia, na kilio kitaisha kabla pamba haijakauka. Siku ya pili anakuja mwenyewe na mkono amekwisha kuutoa. Aliyeruhusiwa kusema “inauma” ndiye mtulivu. Kwa miaka yote tuliyofanya kazi hii hatujaona ikienda kinyume ila kwa wachache.

Juu ya fimbo tutasema kwa ufupi. Kanuni za nchi zinasema kwamba adhabu ya viboko shuleni isizidi viboko 4, itolewe na mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye, na iandikwe kitabuni. Kila mtu anajua jinsi fimbo inavyotembea nje ya kitabu hicho. Kwa mtoto wa chekechea sisi hatuoni nafasi yake hata kidogo. Mwalimu hawezi kushika mdoli mkono wa kulia akisema “niambieni mnachohisi,” na mkono wa kushoto ameshika ufito wa mpera. Mtoto atautazama ufito.

Lakini mwalimu mwenyewe tumwonee huruma pia. Kiwango cha taifa ni mwalimu 1 kwa watoto 25 wa darasa la awali. Baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016, watoto walioandikishwa madarasa ya awali nchini walipita milioni moja na nusu, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye watoto 80 chini ya mti, wengine hawajanywa kitu tangu jana jioni, hawezi kumwuliza kila mmoja moyo wake ukoje. Anaweza kuwagawa katika vikundi vya watoto 8 au 10, wakae pamoja mwaka mzima kama rika, na kila siku akae na kikundi kimoja tu wakati wengine wanacheza kombolela, rede au mdako. Michezo hiyo nayo ni darasa. Anayeshindwa mdako bila kurusha kokoto amejifunza kujitawala pasipo kijitabu chochote. Uji nao usisahauliwe. Mtoto mwenye njaa hana stadi yoyote ya hisia isipokuwa hasira.

Masista na walimu wenye shule za Montessori wameonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Maria Montessori alikuwa daktari wa Kiitaliano, akaanza na watoto wa mtaa wa maskini huko Roma mwaka 1907. Zipo shule zetu zinazofuata njia yake ambazo badala ya vifaa vya kununua hutumia maharage, punje za mahindi, vifuu na kokoto. Hakuna aliyelalamika kwamba njia hiyo imepotea. Kama maharage yaliweza kuingia katika hesabu, udongo wa Ikombe na uji wa moto vitashindwaje kuingia katika mambo ya moyo?

Tungependa walimu wetu wa awali wa tarafa za Unyakyusa na Ntebela wapewe nafasi ya kukaa pamoja siku 2 au 3, wakiwa na bibi wachache wenye busara na nesi mmoja, wakavipitia vijitabu hivyo ukurasa kwa ukurasa, wakiandika: hili tunalo, hili halitufai, hili hatuna na tunalitaka. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka ng’ambo. Inahitaji ukumbi wa parokia, wali na usipa.

Masika nayo yana somo lake. Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe zinapofurika, familia huhama usiku kwa usiku, na baada ya maji kupungua tunaletewa watoto wanaokojoa kitandani ambao walikwisha kuacha, au wanaolia wakisikia mvua juu ya bati. Wazazi huomba dawa ya kukojoa. Mtoto huyo hana ugonjwa wa kibofu mara nyingi. Ana mafuriko ndani yake. Asichekwe, asianikiwe godoro mbele ya majirani, aruhusiwe kuchora au kusimulia maji yalivyoingia, na alale karibu na mkubwa kwa wiki chache. Ikipita miezi 2 bila nafuu, au akiwa na homa, kiu isiyo ya kawaida au maumivu anapokojoa, aletwe hospitali apimwe.

Mikutano ya wazazi ya kufungua muhula huzungumzia michango ya uji na madawati, nasi tunajua fedha ni ngumu. Tunaomba safari hii mzazi mmoja anyooshe mkono na kuuliza: katika darasa hili mtoto akiumizwa, anamwambia nani, na huyo akishaambiwa anafanya nini? Mwalimu akiwa na jibu, apigiwe makofi. Asipokuwa nalo, litafutwe kabla mkutano haujafungwa. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bila malipo. Mtoto aliyeingiliwa kimwili aletwe hospitali mara moja, kabla ya kuoga na kabla ya kubadilishwa nguo, na isipite saa 72, kwa sababu dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI haifanyi kazi baada ya hapo.